Kwa nini wanafunzi wa taaluma za afya hukwepa mihadhara vyuoni

KATIKA eneo la Mitaboni, kaunti ya Machakos, barua ya kumwita kijana chuo kikuu kusomea udaktari, uuguzi au famasia huwa si barua ya mtu mmoja. Jamaa na majirani huitana kwa harambee, fomu za basari hujazwa katika afisi za eneobunge la Kathiani, na si ajabu malipo ya kahawa au bei ya ng'ombe kuishia kwenye akaunti ya chuo.

Ndiposa mzazi hupigwa na butwaa anapoarifiwa, miaka miwili au mitatu baadaye, kwamba mwanawe amezuiwa kuufanya mtihani kwa kuwa hakuhudhuria masomo ya kutosha. Swali linalomjia kwanza ni moja tu: mtoto aliyepata alama za juu kiasi hicho katika kidato cha nne amepatwa na nini?

Wengi hukimbilia kusema ni uvivu, ulevi au marafiki wabaya. Sababu hizo zipo, na hakuna haja ya kuzificha. Hata hivyo, anayezitaja hizo pekee atakuwa ameugusa ukingo wa jambo na kuliacha kiini. Mara nyingi mwanafunzi anayekosa mhadhara huwa amepiga hesabu: muda wake, nauli yake, usingizi wake na mtihani ulio mbele, kisha akaamua kwamba kipindi hicho hakimfai.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo huwa sahihi kwa baadhi ya vipindi na huwa hatari kubwa kwa vingine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hana uwezo wa kutambua tofauti.

Anayelipa ni nani?

Mwanafunzi wa historia au wa biashara akikosa somo, hasara ya kwanza ni yake. Kwa mwanafunzi wa afya, hasara huchukua miaka kadhaa kujitokeza, na inapojitokeza humwangukia mtu mwingine.

Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kwa ngazi sita, kuanzia kijijini hadi hospitali kuu za kitaifa. Mgonjwa wa Mitaboni aghalabu huanzia katika zahanati au kituo cha afya. Akizidiwa hupelekwa hospitali ya Kathiani, kisha hospitali ya rufaa ya Machakos, na ikibidi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi.

Katika ngazi za chini hakuna daktari bingwa wa kuulizwa. Usiku wa manane anayempokea mama mjamzito ni muuguzi au afisa wa kliniki, pengine akiwa peke yake. Anachokijua ndicho mgonjwa atakachopata.

Tuchukue mfano wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Kwa miaka mingi wauguzi wamefundishwa kwamba damu inayofikia nusu lita ni dalili ya hatari. Dawa ya kwanza ni oksitosini, ambayo husaidia mfuko wa uzazi kujikaza ili damu ikome. Dawa hiyo kwa kawaida huhitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto kwa muda mrefu hupungukiwa na nguvu, ingawa chupa yake haionyeshi mabadiliko yoyote.

Jambo kama hilo hufundishwa kwa dakika tano, pengine Ijumaa alasiri, katika somo la dawa ambalo wanafunzi huliona refu na la kuchosha. Huenda lisiulizwe katika mtihani. Aliyelikosa anaweza kufaulu, akavishwa joho na kupewa leseni, bila yeyote kugundua kwamba kuna pengo.

Mhadhara usio na mvuto

Sababu ya kwanza ambayo wanafunzi wenyewe huitaja ni namna wanavyofundishwa. Mhadhiri huingia, huwasha projekta, na kuyasoma maandishi yaliyo ukutani neno kwa neno. Saa moja baadaye maandishi yale yale huwa yamesambazwa katika kundi la WhatsApp la darasa, au yanauzwa katika duka la kunakili karatasi nje ya lango la chuo.

Mwanafunzi anayelala mbali na chuo huona hana sababu ya kupanda matatu mbili alfajiri ili akasomewe kile atakachokisoma mwenyewe jioni. Isitoshe, intaneti imemletea walimu wa Marekani, Uingereza na India ambao video zao zina michoro ya kuvutia, na anaweza kuzisimamisha na kuzirudia apendavyo.

Hali hii si ya Kenya pekee. Muungano wa vyuo vya udaktari nchini Marekani ulipowauliza wanafunzi wa mwaka wa pili kuhusu jambo hili mnamo 2017, takribani robo walijibu kwamba karibu hawakuhudhuria mihadhara kamwe. Walisomea makwao, kwa vitabu na video.

Hata hivyo, njia hiyo ya mkato ina mashimo yake. Maandishi yanayorithiwa kutoka kwa wanafunzi waliotangulia huzeeka upesi, kwa kuwa tiba haisimami mahali pamoja. Aliyesoma karatasi zilizoandikwa kabla ya 2010 atajifunza kwamba malaria kali hutibiwa kwa kwinini. Lakini kati ya 2010 na 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya atesuneti badala yake, kwa watu wazima na kwa watoto, baada ya kubainika kwamba huokoa maisha zaidi.

Hata suala la kuvuja damu tulilolitaja limebadilika. Mnamo 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika takribani hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Ulionyesha kwamba kuikusanya damu katika shuka ya plastiki yenye vipimo, kisha kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, kulipunguza visa vibaya zaidi kwa asilimia 60. Karatasi za 2015 haziwezi kuwa na habari hiyo. Mhadhiri anayefuatilia taaluma yake anayo.

Video za ng'ambo nazo zina upungufu wa aina nyingine. Zimeandaliwa kwa hospitali zenye vifaa ambavyo havipatikani Kathiani. Tena hazimfundishi mwanafunzi jinsi ajuza wa Mitaboni anavyoyaeleza maumivu yake kwa Kikamba, akianza na mgongo ilhali ugonjwa uko tumboni. Sikio la kutambua hayo hupatikana kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mitihani hufukuza masomo

Sababu ya pili huwashangaza wengi: wanafunzi hukosa masomo ili wasome. Mtaala wa udaktari humchukua mwanafunzi miaka 5 au 6, na shahada ya uuguzi humchukua miaka 4. Katika muda huo masomo hurundikana. Siku mbili kabla ya mtihani wa anatomia, ukumbi wa mhadhara wa biokemia hubaki nusu tupu.

Mwanafunzi hukopa muda kutoka kwa somo moja kulipia jingine. Wiki mbili baadaye mtihani wa biokemia hufika, naye hulazimika kukopa tena kwingine. Kabla ya muhula kwisha, deni huwa limemlemea.

Migomo huuongezea mzigo huo uzito. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulioanza Septemba 17, 2025 ulidumu siku 49. Muhula unapovurugwa kiasi hicho, vipindi vilivyopotea husukumwa hadi jioni na Jumamosi, na mada ya wiki tatu hufunzwa kwa siku nne. Baadhi ya wanafunzi hushindwa kwenda na kasi hiyo na huchagua vichache vya kuhudhuria.

Kwa wanafunzi wa afya kuna migomo ya aina mbili, kwani hata wahudumu wa hospitali wanapogoma, masomo ya wodini husimama. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100. Mwaka huo huo wa 2017, wauguzi nao waligoma kwa takribani miezi mitano. Wodi isiyo na wagonjwa wala wahudumu haiwezi kufundisha.

Mfuko mtupu

Sababu ya tatu ni fedha. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, hata akiwa anasomea udaktari. Mfumo wa ufadhili ulioanza kutumika 2023 uliugawa mzigo wa gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na familia, kulingana na uwezo wa kila nyumba. Kwa kuwa udaktari ni miongoni mwa kozi zenye gharama ya juu kabisa, hata sehemu ndogo ya gharama hiyo ni fedha nyingi kwa mkulima mdogo.

Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, inapochelewa, mwanafunzi hubaki na kodi ya chumba, chakula na nauli. Wengine huendesha bodaboda, huhudumu katika maduka ya M-Pesa, au huwaandikia watu kazi mtandaoni usiku kucha. Asubuhi mwili hukataa kuamka.

Lipo kundi jingine ambalo husahaulika. Ni wauguzi walioajiriwa, wenye stashahada, ambao wamerudi chuoni kutafuta shahada. Wengi hutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na hutarajiwa darasani saa mbili. Wana familia, na mara nyingi mwajiri hajawapa ruhusa rasmi ya masomo. Kumwita mtu kama huyo mtoro ni kumwonea.

Hofu na uchovu wa moyo

Sababu ya nne haionekani kwa macho. Mnamo 2016 jarida la chama cha madaktari cha Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi zaidi ya 40. Ulibainisha kuwa asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake. Hiyo ni zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Mwanafunzi mwenye sonona hapigi hesabu yoyote ya faida na hasara. Hulala mchana, huzima simu, na huona haya kurudi darasani kwa sababu amekosa vipindi vingi mno. Kadiri anavyokaa nje ndivyo mlango unavyozidi kuwa mzito. Jina lake huandikwa katika orodha ya watoro, ilhali lilipaswa kuwa katika orodha ya wagonjwa.

Mafunzo ya wodini yana hofu yake. Ni desturi ya kale kwa daktari mkuu kuwazungusha wanafunzi vitandani na kuwauliza maswali mbele ya wote. Panapokuwa na hekima, desturi hiyo hunoa akili. Isipokuwapo, mwanafunzi hudhalilishwa mbele ya mgonjwa na wenzake, na kesho yake huona afadhali kuandikwa kwamba hakuwapo.

Msongamano nao una lawama zake. Vyuo vinavyofundisha taaluma za afya vimeongezeka, na hospitali moja ya rufaa huweza kupokea wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukliniki kutoka taasisi mbalimbali kwa wakati mmoja. Wanafunzi 30 wakikizunguka kitanda kimoja, walio nyuma hawaoni wala hawasikii. Huondoka mmoja mmoja, na si rahisi kuwalaumu.

Hatimaye wapo waliokata tamaa kuhusu mwisho wa safari yenyewe. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na miongoni mwa mambo makuu yaliyozozaniwa ni ajira na malipo ya madaktari wanagenzi. Serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 uliweka takribani Sh206,000. Mwanafunzi anayewaona waliomtangulia wakikaa nyumbani wakisubiri kupangiwa hospitali hujiuliza anaharakishia nini.

Rejista inayosema uongo

Vyuo vingi humtaka mwanafunzi ahudhurie kati ya thuluthi mbili na robo tatu ya vipindi kabla ya kuruhusiwa kuufanya mtihani. Sheria hiyo ina msingi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Marcus Credé na wenzake nchini Marekani na kuchapishwa 2010 ulionyesha kwamba mahudhurio huashiria alama za chuoni kuliko hata matokeo ya mitihani ya kujiunga na chuo.

Lakini uchambuzi huo huo ulibaini kwamba kuyafanya mahudhurio kuwa lazima huinua alama kwa kiasi kidogo tu. Maana yake ni kwamba anayekuja kwa kuwa anataka kujifunza hufaidi sana, na anayekuja kwa kuogopa rejista hufaidi kidogo.

Anayezijua kumbi za vyuo vyetu hatashangaa. Karatasi ya sahihi hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na mwanafunzi mmoja huwatilia sahihi wenzake wanne walio hosteli. Mhadhiri huondoka na majina 120 kutoka ukumbi uliokuwa na watu 70. Chuo kikitumia mashine za alama za vidole, wapo watakaobonyeza kidole na kutokea mlango wa nyuma.

Ubaya wa mchezo huo hauishii kwenye hesabu ya watu. Mwanafunzi anayezoea kutia sahihi ya jambo ambalo halikutokea anajifunza tabia atakayoibeba hadi wodini. Huko kuna chati inayomtaka muuguzi aandike shinikizo la damu na mapigo ya moyo ya mgonjwa kila baada ya saa kadhaa. Tarakimu za kubuni katika chati hiyo zinaweza kuua.

Lipi lifanywe?

Hatua ya kwanza ni kuacha kuvipima vipindi vyote kwa mizani moja. Mhadhara wa kueleza muundo wa seli unaweza kurekodiwa na kutazamwa baadaye. Maabara, mafunzo ya anatomia, kufunga kidonda, kuzalisha, na kumhoji mgonjwa haviwezi. Katika hivyo, mahudhurio yapaswa kuwa kamili, na aliyevikosa kwa sababu ya haki apewe nafasi ya kuvifidia kabla ya kusonga mbele.

Ya pili ni kubadilisha namna ya kufundisha. Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada kilianzisha mwaka 1969 utaratibu wa wanafunzi kujifunza katika vikundi vidogo kwa kutatua visa vya wagonjwa. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kiliufuata mkondo huo kilipoanza kufunza udaktari mjini Eldoret mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sehemu ya mafunzo yake huwapeleka wanafunzi vijijini kukaa na jamii na kufanya kazi katika vituo vya afya. Katika kikundi cha watu wanane, kiti kitupu huonekana na wote, na wenzako hukuuliza ulikokuwa.

Ni kweli kwamba vikundi vidogo vyahitaji wahadhiri wengi, na vyuo vyetu havina. Lakini hata mhadhiri wa ukumbi wenye watu 200 anaweza kuyagawa maandishi yake mapema, kisha akautumia muda wa darasa kujadili kisa cha mgonjwa halisi na makosa yanayoweza kutendeka. Kipindi cha namna hiyo hakiuzwi kwenye duka la kunakili karatasi.

Ya tatu ni kuitumia rejista kama kipimajoto badala ya kiboko. Mwanafunzi aliyehudhuria vizuri mwaka mzima kisha akatoweka wiki tatu anatoa ishara ya ugonjwa, njaa au msiba. Aitwe na mshauri wakati huo, asisubiriwe hadi siku ya mtihani ndipo afungiwe mlango. Kadhalika waajiri, zikiwemo serikali za kaunti, wawapangie wauguzi wanaosoma zamu zinazolingana na ratiba ya chuo.

Wazazi nao wana wajibu. Kumlazimisha mtoto kusomea udaktari kwa sababu ya sifa za kijiji ni kupanda mbegu ya utoro. Aidha, mzazi anayeuliza tu kuhusu alama atapewa alama. Heri aulize pia umelala saa ngapi, umekula nini, na wiki hii umejifunza nini kutoka kwa mgonjwa gani.

Kwa mwanafunzi mwenyewe, neno ni fupi. Kabla ya kukiacha kipindi, ajiulize kama anachokiacha kinaweza kupatikana kitabuni. Kikiwa kinapatikana, na akakisome kweli, hasara si kubwa. Kikiwa ni kitu cha kushikwa kwa mkono, kusikika kwa sikio au kuonekana kwenye uso wa mgonjwa, hakuna karatasi ya kukirudisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika kazi hii, mara nyingi anayekuja kujuta ni mgonjwa asiyejua hata kwamba kuna somo lililokosekana.